Muulize Mwalimu: Raba, jembe na supu ya Jumamosi

Kiangazi kinaishia. Huku Uyole, Mbeya, vumbi limeingia hadi kwenye kabati la vyombo, vilima vinafuka moshi wa watu wanaosafisha mashamba, na wauza mbegu wa Mwanjelwa wameshatoa mifuko yao nje. Kila mwaka ikifika hapa barua zinaongezeka. Wanaojiandaa kwa Kilimanjaro Marathon ya huko Moshi mwishoni mwa Februari wanaanza kuhesabu wiki, na wanaoishi nao nyumba moja wanaanza kuchoka. Nimechagua saba. Ndefu nimezipunguza, za matusi nimezitupa.

Shikamoo Mwalimu. Mume wangu ana miaka 41. Tangu Agosti amejiunga na kundi la mbio. Kila Jumamosi anatoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa tano, anaoga, anakula, analala hadi saa tisa. Anasema wanakimbia kilomita 25. Shamba letu la Inyala halijaguswa na mvua zinakaribia. Amenunua raba za shilingi laki moja na sitini wakati ada ya mtoto inatungoja Januari. Shoga zangu wananicheka, wanasema hakuna mtu anayekimbia saa sita, nifumbue macho. Nifanye nini?
*Mke wa Mkimbiaji, Igawilo*

Marahaba mwanangu. Tuanze na hao shoga zako. Usimuulize mumeo kitu, mwangalie. Mtu aliyekimbia kilomita 25 kwa vumbi hili anarudi na chumvi imemkaukia kwenye nyusi na kwenye kofia, soksi zimekuwa nyekundu, na akikutana na ngazi anashuka kinyumenyume. Gesti haimtoi mtu hivyo. Ukiziona dalili hizo, mumeo anakimbia, na sasa tunaweza kuongea mambo ya maana.

Twende kwenye hesabu. Mwanamume wa miaka 41 aliyeanza juzi, kwa vilima vyenu vya Igawilo, anatumia dakika saba hadi saba na nusu kwa kilomita. Kilomita 25 ni kama saa tatu. Tumwongezee robo saa ya kufunga kamba na kujisaidia njiani. Akitoka saa kumi na moja, saa mbili na robo kamaliza. Nyumbani anaingia saa tano. Hizo saa mbili na dakika arobaini na tano hazina mbio ndani yake, ni supu. Nayajua makundi yetu. Mbio zikiisha wanakaa kwenye supu na chapati, wanasimuliana mbio zilezile walizokimbia pamoja sasa hivi, na wapo wanaofungua chupa kabla ya saa nne. Sina ugomvi na supu, hata mimi nimeinywa sana. Ila ukimwambia mumeo "acha mbio" utakuwa umegombana na kitu ambacho hakijakuibia. Mwambie supu iwe mara moja kwa mwezi. Jumamosi nyingine saa tatu awe mezani kwako.

Na huko kulala hadi saa tisa? Saa moja ya usingizi baada ya mbio ndefu ni haki yake. Zaidi ya hapo, ama alikimbia bila kula kitu, ama alikimbia kushindana na wenzake. Mbio ndefu hukimbiwa polepole, kwa mwendo ambao mtu anaweza kusimulia habari za msibani bila kuhema. Wanaume wa makundi hawalipendi hilo. Kila mmoja anataka kuwa mbele kwenye kilima cha mwisho, kisha wake zao ndio wanaolipa mchana.

Shamba sasa. Kutoka mwanzo wa Novemba hadi mwisho wa Februari kuna kama wiki kumi na sita, na katika kila wiki mbio ndefu inayohitajika ni moja tu. Zilizobaki ni za dakika arobaini hadi saa moja, anaweza kuzimaliza watoto hawajaamka. Mvua zikishika, kwa wiki mbili za kupanda apunguze hiyo ndefu iwe kilomita 15, au aihamishie siku nyingine. Wiki mbili hazimharibii mtu marathon, lakini mahindi yakichelewa kupandwa mwezi mzima mtakuja kununua unga. Siku akilima kutwa, kesho yake asikimbie ndefu. Mgongo na misuli ya nyuma ya paja vimeshachoka, na hapo ndipo watu wanapojivuta misuli halafu wanasema wamerogwa.

Wapo wanaofanya jambo ambalo mimi nalipenda: familia inapanda gari na majembe, baba anatangulia alfajiri kwa miguu, wanakutana shambani. Mumeo akikubali, asipite barabara kuu ya TANZAM gizani. Malori yanayokwenda Tunduma hayamwoni mtu aliyevaa fulana nyeusi. Apite njia za mashambani. Pale ambapo lazima akanyage lami, akimbie upande wa kulia akitazamana na magari, na avae kitu kinachong'aa taa ikimpiga.

Raba za laki na sitini si wizi. Raba nzuri hudumu kati ya kilomita 500 na 800, kwa hiyo akikimbia 50 kwa wiki, hizo zinaweza kumfikisha Moshi. Sharti liwe moja: hadi Februari hanunui nyingine, hata ya rangi mpya ikitoka. Na asiwadharau wauza mitumba wa Mwanjelwa. Raba ya mtumba ukiibonyeza soli kwa kidole gumba ikarudi juu, ina maisha. Ikibaki imebonyea, muachie muuzaji.

Suala la ada ni la ndoa yenu, kaeni na karatasi kabla ya Desemba. Ila kuna kitu hukuniandikia na mimi nimekitafuta barua nzima: wewe una saa ngapi zako kwa wiki? Mumeo amejichukulia kama tano, sita, bila kumuuliza mtu. Dai na wewe zako, na siku hiyo yeye ndiye apike na kuogesha watoto. Usipozidai hutapewa, nimeishi na mwanamume miaka mingi ninajua. Wa kwangu, kwa taarifa yako, hakimbii hata mvua ikimfukuza, na bado saa zake anazipata.

Habari Mwalimu. Nimehamishiwa Mbeya kikazi kutoka Dar mwezi Septemba. Nina miaka 34. Kule Coco Beach nilikuwa nakimbia kilomita 10 kwa dakika 55. Hapa mtaa wa Forest nafika 63 na pumzi inakata kama ndiyo naanza leo. Presha nimepima iko sawa. Nimezeeka ghafla?
*Mgeni wa Baridi*

Hujazeeka kijana wangu, umepanda. Coco Beach uko usawa wa bahari. Mbeya mjini ni karibu mita 1,700 juu yake. Mgandamizo wa hewa huku ni mdogo, na kila pumzi unayovuta inakuingizia oksijeni pungufu kwa takribani asilimia 18 kuliko ile ya Dar. Ongeza na vilima, maana huko Forest sijui hata mahali ambapo ungepata kilomita 10 tambarare.

Mwili unajirekebisha, lakini kwa hatua. Mwanzoni unapumua haraka na moyo unadunda hata kwa kupanda ngazi za ofisini. Wakati huohuo figo zinatoa kichocheo kinachouamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu kwa wingi, na kazi hiyo huchukua wiki tatu, nne na zaidi. Kwa sasa ifungie saa yako kabatini. Kama ulisoma shule zetu, unaukumbuka mchakamchaka: mmoja anaanzisha wimbo, wengine mnaitikia huku mnakimbia. Kimbia kwa mwendo ambao ungeweza kuitikia. Ukishindwa kuitikia, punguza, hata kama mama mwenye ndoo kichwani atakupita. Huku wapo watakaokupita.

Kuna na jambo la msimu. Mwisho wa kiangazi hewa yetu ina vumbi na moshi wa mashamba, na jioni moshi unakaa bondeni. Kimbia asubuhi. Kama kifua kinabana hata ukiwa umekaa, kama unakohoa usiku, au pumzi ikitoka inalia mluzi, usiusingizie mwinuko, nenda ukapimwe pumu. Na maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au kwenye taya ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Ukizoea, utakaposhuka Dar kwa mbio fulani pumzi itakuwa nyingi ila joto litakushangaza, maana utakuwa umelisahau. Tangulia siku kadhaa.

Watu hupenda kuniuliza mbona kwa hewa hii mabingwa wametoka kwingine. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, ni wa kaskazini. Alphonce Simbu, aliyetwaa dhahabu ya marathon ya mashindano ya dunia Tokyo mwezi Septemba 2025, ni wa Singida. Arusha mjini kwenyewe ni chini kuliko Mbeya. Hewa tunayo basi. Tunachokosa ni makocha wanaolipwa, na uwanja ambao mtoto mwenye raba hafukuzwi kwa sababu kuna mpira.

Kamwene Mwalimu. Mimi na rafiki yangu tulianza kukimbia pamoja baada ya kujifungua, tukitoka Kihesa asubuhi mara nne kwa wiki. Miaka inakwenda. Mimi nimepata kasi, yeye yuko palepale. Kuna kundi la watu wenye kasi wamenialika. Nikibaki naye naona najichelewesha, nikimwacha naona namsaliti. Ameshaanza kusema "nenda, usinisubiri", lakini kwa sauti ile. Nisaidie.
*Mwenye Miguu, Iringa*

Kamwene dada. Hiyo "sauti ile" naijua, kila mwanamke anaijua.

Wewe umejiaminisha kwamba ukikimbia naye polepole unapoteza mazoezi. Wakimbiaji wakubwa wa masafa marefu, wale wanaoishi kwa miguu yao, sehemu kama nne kati ya tano za mbio zao ni za polepole. Kasi wanaitafuta mara moja au mbili kwa wiki, siku zilizobaki wanakwenda mwendo wa kuongea. Kwa hiyo kati ya siku zako nne, mbili au hata tatu unapaswa kukimbia kwa mwendo wa rafiki yako, akiwepo asiwepo. Ukienda na hao wenye kasi siku zote nne, nakupa hadi Krismasi utakuwa unachechemea na unaniandikia barua ya goti.

Siku moja nenda na kundi lako jipya ukahemeshwe. Siku nyingine iwe ya kupanda kutoka Ipogolo kuja mjini. Mnaanzia chini pamoja, kila mtu anapanda kwa nguvu zake, wewe ukifika juu unageuka unashuka hadi ulipomkuta, mnapanda tena kipande kilichobaki wote wawili. Wewe umepata kilima na nusu, yeye hajaachwa peke yake barabarani.

Na kuna ujanja niliokuwa nikiutumia kwa wanafunzi wenye kasi tofauti. Acheni kukimbia kwa kilomita, kimbieni kwa saa. Mnaondoka mahali pamoja, kila mmoja kwa mwendo wake. Dakika ya ishirini na tano, popote ulipo, unageuka. Mkirudi kwa mwendo uleule mtafika mlipoanzia kwa wakati mmoja, wewe umekwenda mbali zaidi, yeye karibu, na hakuna aliyemsubiri mwenzake. Halafu mnanyoosha miguu mkiongea habari za watoto, na hicho nadhani ndicho hasa unachoogopa kukipoteza.

Ila mpangilio huu umweleze kwa mdomo wako, mkiwa mmekaa, kabla hajasikia kwa mtu mwingine kwamba umeonekana Gangilonga na kundi jipya. Iringa ni ndogo. Na usimwambie "nakuonea huruma" kwa namna yoyote ile. Mwambie Jumatatu na Alhamisi ni zake, kisha Jumatatu na Alhamisi uwepo.

Shikamoo Mwalimu. Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili, na mwaka huu alifika ngazi ya mkoa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Tangu Julai amechoka, muda wake unarudi nyuma, anasinzia darasani. Nimegundua siku zake za mwezi hazijaja miezi minne. Kocha wake anasema hiyo ni dalili ya kuiva kimazoezi, na anataka ahamie kwenye kambi yake nje ya wilaya likizo ya Desemba. Baba yake anasema tumwachishe kabisa. Tufuate lipi?
*Mama Binti, Kiwira*

Marahaba mama. Msifuate la kocha wala la baba kwa sasa. Hospitali kwanza, wiki hii.

Kukatika kwa hedhi si kuiva. Mara nyingi maana yake ni kwamba chakula anachokula hakitoshi kazi anayofanya, na mwili umeanza kuzima vile unavyoona vinaweza kusubiri. Mifupa inaumia pamoja, maana homoni zilezile ndizo zinazoijenga, na umri wa miaka 15 ni wa kuijenga mifupa atakayotembea nayo uzeeni. Wasichana wa hivi huvunjika mfupa wa muundi kwa kukimbia tu, bila kuanguka. Kocha anayeliita hilo mafanikio ama hajui ama hajali, na yote mawili yananitosha kumkataa.

Hospitali wampime wingi wa damu na, ikiwezekana, akiba ya madini ya chuma. Watampima na mimba, ndio utaratibu kwa binti aliyekosa siku zake. Mweleze kabla, kwa upole, asione kwamba umempeleka kumtega. Na muulize mkiwa wawili tu kama kuna mtu mzima yeyote anayemsumbua. Muulize hata kama una hakika hakuna.

Nyumbani, angalia chai. Najua nasema na watu wa Rungwe, mnailima. Lakini chai inayonywewa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma ya maharage na mboga yasiingie mwilini. Chai ikae saa moja mbali na chakula. Maharage na mboga za majani zikamuliwe limao, linasaidia. Usipa wa Ziwa Nyasa wanaletwa hadi sokoni kwenu, aliwe mzima na mifupa yake. Asubuhi kabla hajatoka apate uji wa ulezi uliotiwa karanga, na akirudi ale tena, asingoje ugali wa usiku. Parachichi mnayo, asihesabiwe. Na apumzike mbio hadi daktari aseme. Wiki kadhaa za kupumzika hazitamharibia kipaji.

Baba yake mwambie hivi: mtoto hajafanya kosa, asiadhibiwe kwa kunyang'anywa anachokipenda. Akipona atarudi taratibu, akiwa anaishi kwenu.

Kuhusu kambi, hata angekuwa mzima ningeuliza haya. Nani analala pale usiku, na kuna mama mlezi? Wasichana wanalala wapi na mlango unafungwa na nani? Anakula nini, na nani analipa? Akishinda pesa, inapita mkononi mwa nani? Na mzazi anaweza kuja siku yoyote bila kutoa taarifa? Mtu mwema atayajibu yote amekaa. Akikasirika, mrudishe mtoto nyumbani na umweleze mkuu wa shule.

Mwalimu, mbio za saa moja na nusu ninywe maji kiasi gani? Rafiki yangu anasema lita mbili kabla ya kuanza.
*Kiu, Mbalizi*

Ukinywa lita mbili kabla ya kuanza utazikimbilia vichakani. Kunywa ukiwa na kiu, mafunda, basi. Maji yakizidi sana yanazimua chumvi ya damu, na wapo waliokufa kwenye marathon kwa kunywa mno. Mbio zikipita saa moja na nusu, ndizi mbivu moja ya Tukuyu au soda iliyotolewa gesi itakufaa kuliko maji matupu.

Mwalimu shikamoo. Nilikimbia nusu marathon mwezi uliopita, yangu ya kwanza, nikiwa na miaka 47. Nilitumia saa tatu na dakika nane. Nilikuwa wa mwisho, wakawa wameshaanza kukunja mahema. Picha imezungushwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na watoto wangu wananiita "Baba Ambulensi" kwa sababu gari la wagonjwa lilikuwa linanifuata. Mke wangu anasema ninamtia aibu kanisani. Niache?
*Wa Mwisho, Mafinga*

Marahaba. Baba Ambulensi ni jina zuri, nimecheka na mimi, nisamehe.

Kila mtu ameshakutajia Akhwari, bila shaka. Olimpiki ya Mexico City 1968, goti limefungwa bandeji, amefika uwanjani wakati watu wameshaondoka. Mimi nina maneno na wanaoisimulia habari hiyo kila mara ili kumfariji mtu aliyechelewa. Wanamfanya John Stephen Akhwari aonekane mtu wa kuchelewa. Walioanza siku ile ni 75, waliomaliza 57, na yeye ndiye wa hamsini na saba. Maana yake kumi na wanane waliacha, na wengi wao goti lilikuwa zima. Miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathon, kwa saa mbili, dakika kumi na tano na sekunde tano. Hiyo hamuisikii. Alikuwa mkimbiaji mkubwa aliyeumia. Wewe hukuumia, baba. Wewe ulikuwa hujafanya mazoezi ya kutosha, na hilo linatibika.

Barua yako nzima (wasomaji wengine nimewakatia) inaonyesha ulikuwa ukikimbia mara moja kwa wiki, Jumapili mchana. Fanya mara tatu. Una barabara za vumbi kwenye misitu ya misonobari ya Sao Hill, udongo laini, kivuli, watu wanalipa nauli kufuata kitu kama hicho. Epuka tu njia ambazo malori ya magogo yanapita siku za kazi, na usiingie siku ambayo kuna moto unawaka upande wowote. Kimbia dakika nne, tembea moja, rudia hivyo hadi saa moja iishe. Kwa mtindo huo huo, bila kujilazimisha kasi, unaweza kushuka chini ya saa mbili na dakika hamsini ifikapo Pasaka.

Watoto usiwakataze jina. Waambie mbio zijazo mmoja wao anakuja kukubebea maji kilomita tano za mwisho. Kuhusu mama watoto, muulize kama aibu ni ya wewe kuwa wa mwisho au ni ya hiyo bukta. Nimeiona picha uliyoambatanisha. Kama ni bukta, ana haki.

Mwalimu, ukoo wetu unakutana Mbeya Desemba watoto wakifunga shule. Tunataka wote tupande Ziwa Ngozi, watu kumi na wawili, mdogo ana miaka 6, mama yetu ana 63 na ana presha. Wengine wanasema mvua itakuwa imeshaanza, tuahirishe. Unasemaje?
*Kitinda Mimba, Soweto*

Nendeni. Mvua zetu za mwanzo hupenda kunyesha mchana na jioni, kwa hiyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi muwe mmeondoka mjini, na kabla ya saa saba mchana muwe mmeshashuka. Pale Isongole tafuteni mwongozaji wa hapo, na lipeni kiingilio cha hifadhi bila kubishana. Njia ya msituni ikilowa inateleza kuliko sabuni. Viatu viwe vyenye meno, na kila mtu akate fimbo. Raba za kanisani ziacheni.

Juu ukingoni, mtoto wa miaka sita ashikwe mkono muda wote, na mtu mmoja apewe kazi hiyo kwa jina. Watu kumi na wawili wakisema "tutamwangalia" hakuna anayemwangalia. Kuteremka hadi kwenye maji msijaribu na kundi la namna hiyo, ukuta ni mkali. Tazameni kutoka juu, kuleni, shukeni.

Radi ya nyanda za juu msifanye nayo mchezo. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Zikiwa chini ya thelathini, iko karibu mno, ondokeni ukingoni mara moja hata kama chapati hazijaisha, na msijikinge chini ya mti mrefu uliosimama peke yake.

Mama apimwe presha wiki ya safari, si asubuhi ya safari akiwa na kiherehere. Ikiwa imetulia, apande kwa mwendo wake na wote mfuate mwendo huo, wajukuu wasimtangulie. Dawa zake anywe asubuhi kama kawaida, mlima si sababu ya kuziruka. Ikiwa haijatulia, abaki sokoni Isongole na binti mmoja wa kumsindikiza, na mumwachie hela ya viazi, maana mkirudi mjini bila viazi vya Isongole majirani watauliza mlikwenda wapi.